Sabuni ya Mwaka wa Sotoka

Bibi yangu Maua alisomea kugeuza vitu. Siku hizi anayesomea mambo hayo, jinsi kitu kimoja kinavyokutana na kingine motoni kikatoka kitu cha tatu, hupelekwa chuo kikuu na mwishowe akavishwa joho. Bibi alipewa mwiko mrefu na akaambiwa asimame upande ambao moshi hautamfuata. Mwalimu wake alikuwa mmoja, darasa lilikuwa banda la nyasi nyuma ya kibanja cha migomba huku Kaisho, na mwanafunzi alikuwa yeye peke yake. Mama yangu Asia, binti yake, ndiye aliyenisimulia habari hizi, na kila aliposimulia alikasirika palepale alipokasirika mara iliyopita. Hasira hiyo nimeirithi, msomaji asinishangae.

Mwalimu huyo aliitwa Mzee Shehe. Alikuwa mtu wa Pangani, akaja Karagwe na msafara wa pembe na vitambaa, mguu ukamvimba, msafara ukaondoka bila yeye. Akabaki. Akamwoa Bi Rukaya, binti wa wafanyabiashara wa pwani aliyezaliwa hukuhuku bara, wakajenga Kaisho karibu na Waislamu wenzao waliokuwa wakiuza nguo na shanga. Mungu hakuwajalia mtoto. Maua alikuwa binti wa mchuuzi rafiki yao aliyefia safarini, na mama yake, Mnyambo mwenyeji wa Karagwe, alichukuliwa na ndui. Bi Rukaya alimfuata huko kwa bibi yake, akambeba mgongoni hadi nyumbani, na tangu siku hiyo Maua akawaita Baba na Mama, naye akaitwa mwanangu.

Kwao Mzee Shehe walikuwa wachemsha sabuni toka enzi za babu. Lakini walichemsha kwa mafuta ya nazi na chokaa ya matumbawe, na Kaisho hakuna mnazi wala tumbawe. Kila alichokijua kikawa hakimfai kitu. Mtu mwingine angeuza shanga kama wenzake akanyamaza. Yeye akaanza upya na mvi zake kichwani, akichoma hiki na kuloweka kile, na Bi Rukaya akilalamika kuwa kila chungu cha nyumba kinanuka. Maua alipoanza kupata akili za kuuliza, akakuta mtu wa kumwuliza.

Swali lake la kwanza lilikuwa sabuni inaupeleka wapi uchafu. Mzee Shehe hakumjibu kwa maneno. Alichukua masizi na mafuta akampaka kiganjani, akamwambia anawe kwa maji matupu. Hayakutoka. Akampa kipande cha sabuni, akasugua, mkono ukawa povu jeusi. Maua akafurahi akasema umetakata. Mzee akamwuliza umetakata wapi, na povu lote hilo liko mkononi? Kisha akammiminia maji.

"Umeona," akasema. "Sabuni ni kitu cha kuondoka. Inaushika uchafu, inangoja maji, maji yakija wanakwenda zao wote wawili. Mwenye kutakasa ni maji."

Hilo lilikuwa somo la kwanza kabisa, na Maua alilisikia akiwa mdogo, akalipita haraka kwenda kwenye yaliyomsisimua zaidi. Wanafunzi wote ndivyo tulivyo.

Yaliyomsisimua yalikuwa mengi. Alijifunza kuwa majivu si majivu tu. Ya kuni za kawaida yalitoa maji mapole, lakini ya maganda ya ndizi yaliyokaushwa na kuchomwa polepole yalitoa maji makali ya kuchubua ngozi. Alijaza majivu katika chungu kilichotobolewa chini, akayanywesha maji kidogokidogo, akakinga matone. Kupima nguvu walitumia yai: likizama, maji hayo hayajawa kitu, likielea na kuchungulia, yako tayari. Hata hivyo shahamu, mafuta magumu ya ng'ombe, haikushikana vizuri na maji hayo. Walikosa chokaa. Ni Maua aliyekuja na jambo hilo. Alikuwa msichana sasa, anakwenda mtoni na wenzake upande wa Kagera, akaona makome ya konokono yamelundikana kwenye matope, akakumbuka Baba anavyosimulia matumbawe ya kwao. Akajaza kapu. Waliyachoma mpaka yakawa meupe, wakayatia katika maji ya majivu, na maji yale yakawa makali kuliko yote waliyowahi kupata. Mzee Shehe alikaa chini kwenye majivu akacheka mpaka akalia. Bi Rukaya alitoka jikoni akidhani mumewe ameungua.

Baada ya hapo hawakuwa tena mwalimu na mwanafunzi tu. Walikuwa watu wawili wenye maradhi yaleyale. Walijifunza kutia chumvi ya Katwe mwishoni, ili sabuni ipande juu kama mabonge ya maziwa yaliyoganda na maji machafu yabaki chini. Watu wa Kibingo na Bugomora walikuja kuchukua vipande kwa maharage na kuku, maana funza walikuwa wameingia nchi hii na miguu ya watu ilikuwa inaoza. Aliyeosha miguu kwa sabuni ile kila siku hakukatika vidole.

Palikuwa na sharti moja ambalo Mzee Shehe hakulilegeza. Shahamu lazima itoke kwa ng'ombe aliyechinjwa na Mwislamu. Wenye ng'ombe walikwisha kuzoea. Akichinjwa mnyama anaitwa Mwislamu mmoja ashike kisu, ili kila mtu ale bila shaka. Nyamafu, mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, ni najisi, alisema, na sabuni yake ni najisi, na sisi tunafulia nguo za kusalia.

Bado kulikuwa na mtihani mmoja. Mzee Shehe alinunua kwa msafara sufuria kubwa ya shaba, mtu mzima angeweza kukaa ndani, akataka wachemshe humo badala ya vyungu. Ikawashinda. Kilichokubali chunguni kilikataa sufuriani. Chini kuliungua, juu kulibaki kubichi, katikati mafuta yakakataa kushikana na chochote. Walimwaga, wakajaribu tena, wakamwaga. Wanawake wa jirani walisema sufuria ina mtu wake. Mzee Shehe alikuwa ameanza kukohoa damu, hawezi tena kusimama motoni, akamwachia Maua.

"Chungu nimekufundisha mimi," akamwambia. "Sufuria jifundishe. Ukiivisha hiyo umehitimu, na siku yangu ikifika nioshwe kwa sabuni hiyo."

Basi hilo ndilo lililomkaa bibi yangu rohoni. Alikuwa ameolewa na Hatibu, mchuuzi wa ngozi, kijana mpole, na alikuwa na mimba ya mama yangu, lakini akili yake yote ilikuwa kwenye sufuria ile na kifua cha Baba yake. Alitaka aivishe kabla mzee hajakata roho. Hakutaka kitu kingine.

Na hapo ndipo sotoka ikaingia. Wazee wakiutaja mwaka ule hushusha sauti hadi leo. Ng'ombe walitoka machozi na makamasi, wakaharisha, wakaanguka. Vilima vya Kyerwa vyote vilinuka. Wafugaji waliokuwa na mazizi makubwa walikaa wakitazama mikono yao. Shahamu ya halali ikakosekana kabisa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ng'ombe wa kuchinja.

Hatibu alizunguka kumtafutia mkewe mafuta. Akayapata Bugomora, viriba kadhaa, tayari yameyeyushwa. Mfugaji alimwambia ni ya ng'ombe wake mwenyewe. Hatibu akauliza alikuwa mzima? Mfugaji akasema alikuwa mzima, ng'ombe bora kuliko wote. Hatibu akauliza nani alishika kisu, akatajiwa Mwislamu mmoja aliyekuwa akiishi huko. Kinyambo cha Hatibu kilikuwa cha sokoni. Yeye aliuliza habari za siku ile, mfugaji alijibu habari za siku zote, maana ni kweli Mwislamu yule ndiye aliyekuwa akimchinjia kila mwaka. Hakuna aliyedanganya pale. Nimeligeuza jambo hili kila upande nikitafuta mwongo, sijampata.

Maua aliivisha. Alikuwa ameshaelewa kosa: maji makali hayaingii kwanza. Alianza na maji mapole, akayapa muda, akaongeza makali kidogokidogo, na moto akauvuta pembeni ili sufuria ipate joto bila kuungua kitako. Alisimama hapo na tumbo lake tangu asubuhi hadi jua linashuka. Sabuni ilipopanda juu, nyeupe, laini, bila doa, alichukua kibonge akampelekea Mzee Shehe kitandani. Mzee alikibonyeza, akakinusa, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Hakikumchoma. Akasema, "Umehitimu, mwanangu," akaiweka sabuni juu ya mto karibu na uso wake. Bibi yangu aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakupata tena siku kama hiyo.

Wiki haikwisha mzee akafariki. Wanaume wenye kujua kuosha walikuwa safarini, na mke ana ruhusa ya kumwosha mumewe, kwa hiyo Bi Rukaya akafunga pazia akaingia. Majani ya mkunazi, ambayo kwa desturi maiti huoshewa, hayapatikani huku. Maua alisimama nje akapitisha sabuni yake chini ya pazia, kisha mitungi ya maji, mmoja baada ya mwingine. Alisikia kata ikichota na maji yakianguka, yakianguka, akayaona yakitoka chini ya pazia na povu, kisha meupe, na Bi Rukaya akimsemesha mumewe taratibu kama aliyekuwa akimwogesha mgonjwa. Alizikwa nyuma ya kibanja, mahali palipo na kivuli asubuhi.

Siku chache baada ya arobaini, mfugaji wa Bugomora alikuja. Alikuwa mzee mrefu, amekonda, fimbo mkononi na hana cha kuchunga. Maua alimpokea kwa Kinyambo cha mama yake. Alimpa uji, akauliza shida yake. Mzee akasema hana shida, amekuja kumwona Bihogo. Maua hakuelewa. Bihogo, mzee akasema, ng'ombe wangu mwekundu. Alikufa wa mwisho, nilikilaza kichwa chake mapajani mwangu mpaka akakata roho. Sikuweza kuacha aliwe na fisi. Nikamyeyusha. Mumeo akaniambia mke wake anageuza mafuta yakawa kitu cheupe kinachonukia vizuri. Nimekuja kuona amekuwa nini.

Maua alimletea kipande. Mzee alikishika kwa viganja viwili akakitazama muda mrefu, akashukuru, akaenda zake nacho.

Bibi yangu alibaki amekaa. Mafuta ya nyamafu. Watu wote wa Kaisho wameyafulia kanzu zao. Na Baba. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyejua ila yeye na mzee aliyekwisha kuondoka, naye hakuona baya. Mama yangu husema afadhali angenyamaza. Mimi sijui. Alikuwa mtu aliyefundishwa kutazama kitu kilivyo na kusema kilivyo, na hilo halikomi mtu akitoka bandani.

Alikwenda kwa Maalim Abeid, aliyekuwa akisomesha watoto na kuongoza sala. Hapa ndipo mama yangu alipokuwa akikasirika. Maalim Abeid alijua kusoma kwa sauti nzuri na alijua sura nyingi, na hapo elimu yake ilikomea. Akaamuru nguo zote zifuliwe upya na sala zote za siku zile zilipwe. Kuhusu maiti, akatazama mkeka. Bi Rukaya alikuwa ameitwa, amekaa pembeni, anangoja. Maalim hakusema kuna ubaya, hakusema hakuna. Akasema Mungu ndiye ajuaye, akafunga kitabu.

Hakujua, basi. Angesema sijui, watu wangetafuta anayejua, hata Bukoba, hata Tabora. Lakini aliona haya, akanyamaza, na Bi Rukaya akakisoma kile kimya kwa namna ambayo mjane yeyote angekisoma.

Walipotoka, Maua alitaka kumshika mkono. Bi Rukaya akaurudisha nyuma, akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyempaka," akasema. "Mwili mzima. Hata nyuma ya masikio."

Hakumtukana Maua, wala siku ile wala baadaye. Aliacha tu kuwa mama yake. Maua alipomwamkia shikamoo Mama, alijibu marahaba, na baada ya marahaba hakukuwa na neno. Alipojifungua mama yangu, Bi Rukaya alipeleka uji kwa mkono wa jirani. Jina la Asia, ambalo walikuwa wamelichagua pamoja, alilisikia kwa watu. Bibi yangu aliigeuza ile sufuria ikawa ya kunyweshea mbuzi, akavunja chungu cha majivu, na hakuchemsha tena sabuni. Wakaja Wahindi wa Bukoba na sabuni za masanduku, za mistari ya buluu, watu wakasahau kwamba zamani ilikuwa ikitengenezwa Kaisho na mwanamke aliyejua zaidi ya wote mambo hayo katika nchi nzima hii. Namsema hivyo kwa sababu hakuna mwingine atakayemsema.

Bi Rukaya naye akaanza jambo lake. Kunyunyizia kaburi maji ni desturi, mtu akizika hunyunyiza. Yeye hakunyunyiza. Kila Alhamisi alibeba mtungi mzima kutoka kisimani, akachutama kando ya kaburi, akamimina kwa kata toka kichwani hadi miguuni, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, kama josho lenyewe la maiti. Alikuwa akimwosha mumewe kupitia udongo. Alifanya hivyo jua na mvua, mgongo ukipinda mwaka hadi mwaka, na Maua alimwona kutoka kwenye kibanja chake akiwa na jembe mkononi, na hakuwa na ruhusa hata ya kumpokea mtungi. Hicho ndicho kilichomla bibi yangu. Kuchukiwa angekuvumilia. Kumwona Mama yake anazeeka akimimina maji ardhini, akiamini mumewe yuko chini anateseka kwa mkono wake, hilo hakulizoea.

Mama yangu Asia alikuwa mwali tayari Bi Rukaya alipofariki, mvua za vuli zilipoanza. Aliacha wasia asiguswe na sabuni ya aina yoyote. Aliacha wasia pia wa nani wamwoshe, na Maua hakutajwa. Maua aliteka maji ya josho, akayafikisha mlangoni, akarudi nyuma. Bi Rukaya alizikwa kando ya Mzee Shehe.

Kiangazi kilichofuata alipita mwanachuoni mmoja kutoka Tabora, mtu wa makamo, mchangamfu, anakwenda kuwatembelea jamaa zake ng'ambo ya Kagera. Akafikia kwa Hatibu. Kabla ya kula alitoka kunawa, akaona mbuzi wanakunywa katika sufuria ya shaba yenye ukubwa ule, akacheka, akauliza hiki kilikuwa cha nini. Hatibu akamweleza, na akishaanza akajikuta hawezi kukatisha, akamweleza yote mpaka kaburi. Bibi yangu alikuwa upande wa pili wa mkeka uliotundikwa kama ukuta na sinia la ndizi mikononi. Mama yangu alikuwa nyuma yake.

Yule mgeni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Baada ya ile sabuni, mlimmiminia maji safi?"

Hatibu hakujua. Aligeuza uso kuelekea mkekani. Bibi yangu akajibu kutoka huko nyuma kwamba alimiminiwa mitungi kadhaa, mpaka povu likaisha na maji yakatoka meupe.

"Basi alitakasika," mgeni akasema. "Najisi ilikwenda na maji. Na nguo zenu vilevile, si mlizisuuza? Hakuna tatizo hapo, ndugu zangu. Mungu amrehemu." Akanyoosha mkono kwenye chakula kilichotangulia kuletwa, maana alikuwa ametoka mbali na alikuwa na njaa.

Mama anasema bibi alisimama na sinia lile mpaka mvuke ukaisha juu ya ndizi. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Alikuwa akisema maneno ambayo mama hakuyafahamu wakati ule: kitu cha kuondoka, kitu cha kuondoka. Kisha akampa mama sinia, akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita kati ya migomba bila viatu. Mama aliweka sinia chini akamfuata kwa mbali, akiogopa.

Alimkuta amechutama kwenye kaburi la Bi Rukaya. Hakuwa analia. Alikuwa ameinamisha uso karibu na udongo, anaongea polepole, kama mtu anayemweleza mzee aliyeanza kupoteza usikivu.

"Mama, maji yalipita. Mama, sikiliza, siku ileile maji yalipita. Uliyamimina wewe mwenyewe."

Alirudia hivyo mara nyingi. Kisha akakaa hapo, akisubiri, mama anasema, mpaka ilipombidi arudi kumwandalia mgeni maji ya kunawa.